Majumba ya mabalozi Shangani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu nyumba za pwani ya Mji Mkongwe, kuanzia Forodhani hadi ras ya Shangani, zilizowahi kukaliwa na wawakilishi wa Marekani, Uingereza na Ujerumani. Maswali mengi yanatoka kwa wanafunzi wa skuli na wageni, lakini hata wenyeji waliopita mbele ya nyumba hizi tangu utotoni huuliza. Kiitifaki zilikuwa balozi ndogo. Humu tunasema "ubalozi" tu ili tusichoshane.

Nyumba hizi si zilijengwa na Wazungu?

Hapana. Mabalozi wa karne ya 19 walikuja Unguja kama wapangaji. Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake hapa kutoka Maskati, matajiri waliomfuata walianza kujenga kwa mawe, na mji ukapanda haraka. Ni katika majumba hayo ndipo wageni walipotafutiwa mahali pa kukaa. Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na balozi wake wa kwanza, Richard Waters, mfanyabiashara kutoka Salem, Massachusetts, akafika mwaka 1837. Uingereza ilifunga mkataba wake mwaka 1839 na kumleta Atkins Hamerton mwaka 1841. Ufaransa ikafuata na mkataba wa 1844.

Hakuna kati yao aliyeshuka chomboni na fundi wala na ramani ya jengo. Walikuta nyumba za Waarabu zimesimama, wakaingia, wakatundika bendera juu ya paa. Kwa hiyo anayetaka kueleza usanifu wa ubalozi wa Zanzibar wa wakati ule hana budi kueleza nyumba ya Mwarabu wa Unguja. Waingereza walianza kujijengea makao yao wenyewe mwaka 1903, na hata hapo hawakuthubutu kuondoka mbali na walichokikuta.

Kwa nini wote walijazana Shangani?

Bahari. Shangani ina ufukwe wa mchanga na upepo, na aliyekaa darini aliona kila meli inayotia nanga kabla nahodha wake hajashuka. Kwa balozi aliyekuwa pia mfanyabiashara, kuwahi habari kulikuwa na faida ya fedha taslimu. Zaidi ya hayo, wakati huo hakukuwa na gati. Mizigo ilishushwa kwa mashua na kubebwa mabegani hadi mlangoni, basi nyumba iliyopakana na mchanga ilipunguza gharama ya wachukuzi.

Upande wa pili wa mji kulikuwa na hori lililoutenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo. Maji yakitoka, harufu ilibaki. Anayeweza kuchagua, angechagua nini?

Ndani, nyumba ya namna hii imepangwaje?

Anzia nje. Kuna baraza la mawe lililoshikana na ukuta, mahali pa kukaa wenye shida na wenye hamu ya mazungumzo. Kisha mlango mkubwa wa kuchongwa. Ukishavuka kizingiti huoni ndani ya nyumba: unaingia kwenye ukumbi wa kupokelea wageni, na njia ya kuendelea ndani imewekwa pembeni ili jicho la mgeni lisifike kwa wenye nyumba. Baada ya hapo ni ua wa katikati, wazi juu, unaoleta mwanga na kuvuta hewa. Vyumba vimezunguka ua huo, ghorofa juu ya ghorofa.

Chini kulikuwa ghala. Madirisha ya chini ni machache, madogo na yako juu, kwa sababu kilichokaa humo ni pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na marobota ya nguo, mali isiyotaka kuchunguliwa. Watu waliishi juu kwenye upepo, ambako madirisha yamepangwa kwa safu na kufungwa kwa vibao vya mbao.

Ukiutazama mpango huo utaona kwa nini uliwafaa mabalozi bila kubadilishwa sana. Balozi wa Marekani alihitaji ghala la merikani, ile nguo ya pamba ya Marekani, na pembe: lilikuwepo. Wa Uingereza alikuwa na mamlaka ya kisheria juu ya raia wa Uingereza waliokuwa Unguja, wakiwemo Wahindi wengi, kwa hiyo alihitaji mahali pa kusikilizia kesi: ukumbi ulikuwepo. Baraza lilikuwa mahali pa kusubiria. Familia ikakaa juu. Nyumba iliyojengwa ili kutenganisha mgeni na wa ndani ndiyo hiyo hiyo inayomfaa mwanadiplomasia.

Mbona vyumba ni virefu na vyembamba kama korido?

Boriti ndizo zilizoamua. Dari na sakafu za nyumba hizi zimebebwa na magogo ya mikoko, mengi yakitoka Bara kwenye delta ya Rufiji, na gogo la mkoko lililo imara halizidi sana mita tatu. Basi chumba kinaweza kuwa kirefu upendavyo, ila upana wake unakomea boriti inapokomea. Tajiri awe tajiri vipi, hakuweza kununua mkoko mrefu zaidi. Aliongeza vyumba, akaongeza ghorofa, akanyanyua dari.

Juu ya boriti hupangwa vipande vya matumbawe, na juu yake humwagwa zege la chokaa na kokoto. Zege hilo hupigiliwa kwa vigongo vya mbao kwa siku nyingi, safu ya watu ikienda mbele na kurudi, kwa nyimbo, mpaka uso unakaza. Zamani kazi hiyo ilifanywa sana na wanawake.

Kuta zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yasiyochongwa, yaliyoshikwa kwa chokaa. Chokaa chenyewe ni matumbawe yaliyochomwa juu ya tanuri la magogo, kisha yakamwagiwa maji na kuachwa yakae. Kwa kuwa mawe hayana umbo, ukuta hupata nguvu kwa unene, mara nyingi zaidi ya nusu mita. Ndani ya unene huo wajenzi waliacha madaka, vile visanduku vya ukutani vya kuwekea taa, vyombo na misahafu. Mahali lipu ilipobanduka kwenye vichochoro vya Shangani utaona jambo zuri: jiwe moja lina matundu ya matumbawe ya ubongo, la pili lina mistari ya tumbawe jingine, na kati yao chokaa kimejaa vipande vya mkaa mweusi uliobaki kutoka tanurini.

Ubalozi wa zamani wa Uingereza ni upi hasa?

Ni majengo mawili kwa vipindi viwili, na ndipo watu wanapochanganya.

La kwanza ni nyumba ya pwani iliyotumika kuanzia 1841 hadi 1874, ile yenye kibao cha kumbukumbu. Hapo ndipo alipoishi Hamerton. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipokelewa humo mwishoni mwa 1856, wakati mawimbi yalikuwa bado yakiurushia ukuta maji. Speke alirudi tena mwaka 1860 akiwa na mpelelezi mwenzake, Grant. Mrithi wa Hamerton, Christopher Rigby, ndiye aliyewaamuru Wahindi waliokuwa chini ya ulinzi wa Uingereza wawaache huru watumwa wao, na maelfu ya watu waliandikiwa vyeti vya uhuru. Nyumba hiyo baadaye iliingia mikononi mwa kampuni ya biashara ya Smith Mackenzie, nayo ikaitumia kwa kazi aliyoijengea Mwarabu wa kwanza: bidhaa chini, watu juu.

La pili ni Mambo Msiige, tunalolifikia hapa chini.

Je, hiyo ya kwanza ndiyo Nyumba ya Livingstone?

Siyo. Nyumba ya Livingstone iko upande mwingine wa mji, ukielekea Kinazini. Ilijengwa zama za Sultani Sayyid Majid, na Livingstone alikaa humo mwaka 1866 akijiandaa na safari yake ya mwisho.

Ila nyumba ya ubalozi ilimpokea akiwa maiti. Alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Wenzake wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu miezi kadhaa hadi Bagamoyo, na mwanzoni mwa 1874 ukavushwa Unguja na kuwekwa ubalozini ukisubiri meli. Alizikwa London, Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili 1874. Walioongoza msafara huo walikuwa Abdullah Susi na James Chuma. Wao walifika Uingereza mazishi yakiwa yamekwisha. Kibao cha ukutani kinawataja wapelelezi na balozi waliolala ndani ya nyumba, na waliobeba maiti hawamo. Mtazamo wangu ni kwamba kuna nafasi ya kutosha ukutani kwa kibao cha pili.

Mambo Msiige ina habari gani?

Hili ndilo jumba lenyewe ambalo watu wanalitaka wanapouliza habari za ubalozi. Linasimama kwenye ncha ya Shangani, na lilijengwa kati ya 1847 na 1850 na tajiri wa Kiarabu, Salim bin Bushir Al-Harthy. Jina lake ni majigambo ya mwenye mali kwa majirani zake.

Likazungukwa na hadithi. Moja inasema chokaa chake kilichanganywa na mayai, maelfu kwa maelfu. Hii haina ajabu sana: mafundi wa chokaa katika nchi nyingi walitia mayai, sukari au utomvu ili kukiongezea nguvu. Nyingine inasema watumwa walizikwa hai kutani ili jengo lidumu. Simulizi ya namna hii imebandikwa kwenye majengo makubwa ya sehemu nyingi za dunia, na kwa Mambo Msiige hakuna ushahidi wake. Anayetaka kuzungumza utumwa mbele ya jumba hili ana ukweli wa kutosha bila kuzika mtu ukutani: mali iliyolijenga ilitoka katika uchumi wa mashamba na misafara ambao watumwa ndio waliokuwa mgongo wake.

Wapangaji wake wanaeleza karne nzima. Kuanzia 1864 lilitumiwa na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, waliohama mwaka 1874. Walipotoka, ubalozi wa Uingereza ukaingia na kukaa hadi 1913. Mwaka huo Zanzibar ilihamishwa kutoka Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza kwenda Wizara ya Makoloni, na cheo cha balozi mkuu kikaondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na Mkaazi, yaani mwakilishi mkuu wa Uingereza Zanzibar. Jumba likawa hospitali ya Wazungu kuanzia 1918 hadi 1924, kisha ofisi za serikali kwa miaka mingi.

Tangu 2015 ni sehemu ya hoteli ya Park Hyatt, pamoja na jengo jipya lililounganishwa nalo. Jengo hilo jipya lilizua mvutano mkubwa, kwa kuwa Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na UNESCO ililalamikia ukubwa wake na jinsi lilivyosogea ufukweni. Ukisimama mchangani na kutazama yote mawili pamoja, malalamiko hayo yanaeleweka. Hata hivyo, jumba lililotumiwa halianguki upesi kama lililofungwa. Beit al-Ajaib, kasri lililokamilika mwaka 1883 na lilikuwa fahari ya Sultani Barghash, lilikuwa limefungwa likisubiri na kufanyiwa ukarabati pale sehemu yake ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili.

Na Wamarekani walikaa wapi?

Nyumba inayotajwa zaidi ni ile ambayo leo ni hoteli ya Tembo, pale pale Forodhani ukielekea Shangani, iliyokuwa ubalozi wa Marekani katika karne ya 19. Balozi wao alikuwa mfanyabiashara kwanza. Waters alielewana na Jairam Shivji, Mhindi aliyeshika forodha, na biashara kubwa ya Wamarekani ikapitia kwake. Waingereza walinung'unika sana.

Ni kweli sultani alitoroka kupitia mlango wa bahari wa ubalozi?

Ni kweli, na hakuna tukio linaloonesha vizuri zaidi thamani ya nyumba kupakana na maji.

Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla, na Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ridhaa ya Waingereza. Asubuhi ya tarehe 27 meli za kivita zilipiga mizinga. Haikufika saa moja mambo yakawa yamekwisha. Kasri la Beit al-Hukm likawa kifusi, na mnara uliosimama mbele ya Beit al-Ajaib ukaharibika vibaya. Khalid akakimbilia ubalozi wa Ujerumani, Shangani.

Waingereza waliweka askari nje. Akikanyaga ardhi ya Zanzibar tu, akamatwe. Wajerumani nao walikataa kumtoa. Mambo yakakwama zaidi ya mwezi. Ubalozi huo ulikuwa na lango la bustani linaloelekea ufukweni, na maji yakijaa bahari hufika langoni. Tarehe 2 Oktoba maji yalipojaa, mashua ya manowari ya Kijerumani Seeadler ikasogea hadi hapo. Khalid akatoka ubalozini akaingia chomboni bila unyayo wake kugusa mchanga, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimpata baadaye, katika Vita Kuu ya Kwanza, wakampeleka uhamishoni St Helena na Shelisheli. Alifariki Mombasa mwaka 1927.

Mwarabu aliyejenga nyumba yenye lango la pwani alifikiria mizigo. Hakuna mwanasheria aliyekaa akapanga hilo.

Ni jengo gani la kwanza ambalo Waingereza walijichorea?

Kwa makao ya mkuu wao, ni lile la Mnazi Mmoja la mwaka 1903, ambalo leo ni Ikulu. Mchoraji ni John Sinclair, mtumishi wa serikali mwenye taaluma ya usanifu, ambaye mwenyewe alikuja kuwa Mkaazi miaka ya 1920. Alichanganya matao, kuba na roshani za Kiislamu na mpangilio wa ofisi ya Kiingereza. Mahkama Kuu ya Vuga na jumba la makumbusho la Beit al-Amani, lililofunguliwa mwaka 1925, ni mkono wake pia, na ukiyatazama matatu hayo kwa pamoja unaona mtu yule yule akizidi kujiamini. Kwa ladha yangu Beit al-Amani ndilo zuri zaidi. Wapo mafundi wazee wanaolidharau kwa kuwa kuba zake si za hapa, na hoja yao ina nguvu: Zanzibar ya Waarabu wa Oman na Waswahili haikuwa na desturi ya kuba kwenye nyumba za kuishi, wala minara mirefu misikitini. Sinclair alijenga "Mashariki" aliyoiona kichwani.

Mlango unaweza kuniambia nyumba ilikuwa ya nani?

Kiasi. Mlango wa zamani wa Kiarabu una kizingiti cha juu kilichonyooka, mara nyingi na aya ya Kurani au jina la mwenye nyumba na mwaka wa Hijria. Tangu zama za Barghash mafundi wa Kihindi walileta vizingiti vya juu vyenye upinde na maua mazito zaidi. Milango ya Kigujarati ya mitaa ya maduka ina mbao za mraba zinazojikunja. Mfaa, ule mwimo wa katikati uliopigiliwa kwenye ubao mmoja, ndio wa kutazamwa kwa karibu: fundi alimalizia ustadi wake hapo. Njumu za shaba, yale machomozo ya mlangoni, zinatokana na desturi ya India.

Waongozaji watalii watakwambia mnyororo uliochongwa maana yake mwenye nyumba aliuza watumwa. Usiibebe. Mnyororo ni pambo la ukingo, upo hata kwenye milango ya watu wasiohusika.

Kwa nini nyumba hizi zina mabati juu, wakati picha za zamani zinaonesha paa tambarare?

Paa tambarare ni desturi ya nchi zenye mvua chache. Hapa kuna masika na vuli. Zege la chokaa likipata ufa maji yanakaa, yanashuka hadi kwenye ncha ya boriti iliyoingia ukutani, na hapo mbao huoza bila mtu kuona. Wenye nyumba waliotaka kulala pakavu wakafunika paa kwa mabati, na wengi hawakuyatoa tena.

Saruji imefanya madhara zaidi. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Ukipigwa lipu ya saruji hautoi tena, maji na chumvi yanabaki ndani, na baada ya miaka michache lipu inavimba na kubanduka ikiwa imeng'ang'ania vipande vya ukuta. Fundi anayekwambia saruji ni bei nafuu kwa nyumba ya Mji Mkongwe anahesabu gharama ya mwaka huu peke yake.

Kwa nini leo Zanzibar hakuna ubalozi kamili?

Kwa sababu mambo ya nje ni ya Muungano. Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964 kulikuwa na kipindi kifupi ambapo mataifa yalifungua balozi Unguja kama mji mkuu wa nchi. Ujerumani Mashariki ilikuwa miongoni mwao, na Zanzibar ilikuwa ya kwanza Afrika kuitambua. Muungano wa 26 Aprili ulibadilisha hadhi hiyo, lakini Wajerumani hao waliacha alama ya usanifu kubwa kuliko ya balozi yeyote: nyumba za maendeleo za Kikwajuni na mchango wao katika zile za Michenzani. China, India na Oman zina balozi ndogo Unguja hadi leo.

Naweza kuingia ndani ya majumba haya?

Mambo Msiige na Tembo ni hoteli, kwa hiyo mlango uko wazi kwa anayekunywa chai. Omba kuketi karibu na ua wa katikati, ndipo nyumba inapoeleweka. Ikulu haiingiliki, na usipige picha mbele yake. Kwa mengine, kaa barazani ikiwa pana nafasi, toa salamu kwanza, na mwenye nyumba akitoka muulize kuhusu boriti zake. Hilo ni swali ambalo karibu kila anayeishi Mji Mkongwe ana la kulisema, hasa masika yakikaribia.